Mkono Uliokuja kwa Barua

Jumanne, saa nne asubuhi, walinikabidhi simu kama watu wanaokabidhi kaa la moto. Dada yangu Leokadia alikuwa amekata roho alfajiri, hapa Murungu, kwenye kitanda chake mwenyewe, na binti yake Jeska alikuwa ndani ya basi kutoka Dodoma anakofundisha shule, hajui kitu. Jana yake aliambiwa tu, "Mama anaumwa, njoo." Wanaume wa ukoo walisimama mlangoni, kofia mkononi, wakinitazama. "Mama Anjela, mpigie wewe," akasema shemeji yangu. "Wewe ndiye mkubwa uliyebaki. Lakini usimwambie. Mwambie mama yake hajambo, afike salama." Halafu akakohoa, kwa sababu alijua anaongea na nani. Mimi ndiye ninayesimama kwenye misiba ya watu na kusema wazi: mwambieni mwenye msiba wake, msimfiche. Kwetu wanasema msiba ni mtungi mzito, humtwishi mtu aliye njiani, atauangusha. Msemo huo mimi niliutemea mate nikiwa na miaka ishirini na tatu, na kwa ajili yake nilikaa miaka kumi na miwili sijaonja chakula nyumbani kwa dada yangu wa tumbo moja, na kati ya nyumba yake na yangu kuna migomba sita tu.

Nina watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja, wote nawatambua kwa kishindo cha miguu yao, lakini Murungu nzima wananiita Mama Anjela, na Anjela si mmoja wa hao wanne. Wajukuu wanapenda nikisimulia nilivyopanda ndege. "Bibi, tuambie yule kobe." Nawaambia: kobe alikuwa mkubwa kama meza ya mwalimu, ana shingo kama ya mzee aliyenyimwa pombe. Wanacheka. Nawaambia juu ya mlima wenye theluji ambao watu wanauita Baba. Nawaambia juu ya ndege wenye miguu ya buluu wanaocheza ngoma ya kuposa, mguu huu juu, mguu ule juu. Najivuna, kwa nini nisijivune? Katika kata hii yote, na Kasanda, na Kibondo mjini na maduka yake, hakuna mwanamke wa umri wangu aliyefika Amerika ya Kusini. Nimefika mimi, niliyeishia darasa la nne. Lakini huwa nawasimulia wanyama tu. Nikimaliza wanyama nawaambia nendeni mkalale.

Ilikuwa hivi. Mwaka ambao Warundi walikuwa wanaingia kwetu makundi kwa makundi, na magodoro kichwani, nilikuwa nafua mashuka kwenye zahanati ya masista. Kulikuwa na sista mmoja mweusi wa nywele, mfupi, mpana kama pipa, jina lake Sista Rosaura, muuguzi, ametoka nchi ya Ekwado. Alijua Kiswahili cha hapa hapa, chenye Kiha ndani yake, na alijua kutukana kwa upole. Akanifundisha kumgeuza mgonjwa bila kumwumiza. Siku moja akiwa amebeba ndoo alianguka kwenye ngazi, akavunjika nyonga. Wakasema arudishwe kwao akatibiwe, atafutwe mtu wa kumwuguza mwaka mzima. Akasema, "Domitila anaujua mwili wangu. Mwingine simtaki." Basi. Nikapigwa picha ya pasi nikiwa nimetoa macho kama mwizi.

Watu huwa nawaambia nilikwenda kwa ajili ya mabati. Ni kweli nyumba yangu ilikuwa ya nyasi, ikivuja juu ya mtoto. Lakini mimi ni mtu mzima sasa na nitasema ukweli wote: nilitaka kwenda. Nilitaka kuona. Mtoto wangu alikuwa na miaka mitatu, baba yake alikuwa na shughuli zake na hana nafasi katika habari hii, na mimi nilikuwa na miguu inayowasha. Leokadia akasema, "Nenda. Nina wa kwangu mmoja, wawili hawanishindi." Wa kwake ndiye Jeska, mdogo kwa Anjela mwaka mzima. Asubuhi ya kuondoka Anjela alikuwa kizingitini anakula hindi la kuchoma, punje moja moja. "Naenda Kibondo," nikamwambia. "Nitarudi jioni na sukari." Akaitikia, "Haya," bila kuinua macho kwenye hindi lake. Dada alinitazama tu. Kwa hiyo mtu akiniuliza nani alianza kudanganya katika nyumba yetu, jibu ninalo.

Kwao Sista kulikuwa juu, juu kuliko Kasulu mara tatu, juu mpaka pumzi inakukataa. Wiki ya kwanza nilikuwa napanda ngazi tano nakaa chini kama kikongwe, na Sista kitandani anacheka: "Sasa ni nani mgonjwa?" Nyumba ilikuwa ya mdogo wake, Mersede, mwanamke anayevaa kofia ya kiume hata akipika, na sketi tatu, moja juu ya nyingine. Jiko lake nalikumbuka kuliko ninavyokumbuka kanisa lililonibatiza. Lilikuwa jeusi kwa moshi, lina joto, na chini ya meza walikuwa wanakimbia simbilisi, wale wanyama kama panya wasio na mkia, wanalia wii, wii, wii, wanakula majani ya mahindi, na Jumapili mmoja wao anaingia kwenye sufuria. Nilipoona mara ya kwanza nikasema kwa Kiswahili, "Mimi panya sili." Sista akatafsiri. Mersede akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akasema jambo, Sista akacheka mpaka nyonga ikamwuma. "Anasema kwenu mnakula kumbikumbi, mimi nimemwambia. Anasema mtu anayekula mdudu mwenye mabawa asiringe." Nikala. Ni mtamu, ukitaka kujua.

Viazi vilikuwa vya kila rangi, vingine vyeusi kama mkaa, na kila kimoja kina jina lake kama mtu. Supu asubuhi, supu jioni. Mvua ya mawe ilinyesha ikapiga paa kama inadai kitu. Nje kulikuwa na mnyama wa sufu, nusu mbuzi nusu ngamia, ananitemea mate kila nikipita na ndoo, na watoto wa jirani wanakuja kunipapasa mkono kuona kama rangi inatoka. Yote hayo niliyaweza. Kilichonishinda ni migongo. Wanawake wa kule wanabeba watoto mgongoni kwa nguo ya rangi, fundo kifuani, vile vile kama sisi. Kila nilipoona kichwa kidogo kinachungulia begani mwa mtu, mgongo wangu ulikuwa unasikia baridi mahali pale pale, ukubwa wa mtoto.

Barua ya kwanza ilikuja baada ya miezi miwili na nusu. Leokadia alikuwa amesoma kunizidi, aliandika herufi kubwa zilizosimama kama askari. *Anjela hajambo. Anakula. Anakuulizia jioni.* Na chini ya barua alikuwa ameweka mkono wa Anjela juu ya karatasi akauzungushia kalamu, vidole vitano, vinene vifupi, na doa la mafuta ya mawese katikati ya kiganja. Nililala na karatasi ile chini ya shuka. Nikaweka kiganja changu juu yake mpaka wino ukaanza kufifia, nikaogopa, nikaacha. Nikajibu, kwa mwandiko wangu wa kuku: *Dada nakuomba, kila barua nichoree mkono wake. Nataka kuona anavyokua.* Maneno hayo niliyaandika mimi. Nimekuwa na miaka mingi ya kuyafikiria. Kama nisingeyaandika, Leokadia angebaki na maneno matupu, na maneno mtu anaweza kuyaandika hata mkono ukitetemeka.

Barua ya pili ilifika mwezi wa kumi. *Anjela hajambo, amekunywa uji. Mvua bado. Maharage tumepanda.* Na mkono upo. Nikaruka jikoni, nikamwonyesha Mersede, nikamwonyesha hata simbilisi. Halafu nikaketi kitandani kwa Sista nikaweka karatasi mbili sambamba, na nikacheka. "Sista, hebu ona dada yangu asivyojua kuchora. Mtoto amepungua mkono! Na kidole kidogo amekipinda kama ndoano." Sista alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini. Akazichukua karatasi zote mbili, akageukia dirishani, akazitazama muda mrefu, ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Muuguzi yule alikuwa amepima watoto wa nchi nzima kwa macho. "Kalamu iliteleza," akasema. Akanirudishia. "Domitila, njoo nisugue mgongo." Nikamsugua mgongo, naimba. Yeye hakuimba, na siku nyingine zote alikuwa anaimba.

Siku ya kuwakumbuka marehemu ilikuja mwezi uliofuata. Sisi kwetu siku hiyo tunakwenda misa, tunafyeka kaburi, tunarudi. Wale wanahamia makaburini. Wanatandika nguo juu ya kaburi kama kitambaa cha meza, wanaketi na marehemu wao, wanakula, wanamwekea na yeye. Wanapika uji mzito wa mahindi meusi, rangi ya zambarau, una matunda na mdalasini, na wanaoka mikate yenye umbo la watoto wachanga. Ni watoto kabisa! Kila mmoja ana kichwa, amefungwa nguo za sukari nyekundu na kijani, macho ni zabibu kavu. Mersede alimmiminia mumewe uji juu ya udongo, akaanza kumsimulia habari za nyumbani kwa sauti ya kawaida, kwamba ng'ombe amezaa, kwamba mtoto wa jirani ameiba tena, kwamba kuna mwanamke mweusi amekuja na anakula kama mwanamume. Nilicheka na mdomo umejaa mkate. Nilianza miguuni nikapanda juu. Nilikula mtoto mzima wa mkate siku ile, nikanywa uji bakuli mbili, kati ya makaburi, nimefurahi, jua linapiga theluji ya mlima. Na Anjela alikuwa chini ya udongo wa Murungu tangu mwezi wa nane.

Sista alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Alininunulia mkate mwingine, akaufunga kwenye kitambaa, akaniwekea mapajani. "Huu usiule," akasema. "Huu ni wa Anjela. Utampelekea." Nikamwuliza, "Si utakuwa jiwe mpaka nifike?" Akasema, "Mikate hii haiozi. Inakauka tu." Uso wake ulikuwa umelowa, nami nikadhani anawalilia wazazi wake, maana tulikuwa tumekaa juu yao.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kusema visiwani, visiwani. Kaka yake, Elia, alikuwa anaishi kwenye visiwa vya Galapagos, anaendesha mashua ya kuwapeleka watu kutazama wanyama. "Nataka nimwone kabla sijafa," akawaambia wa nyumbani, "na Domitila ataniendesha kiti." Mersede aligomba: mgonjwa gani anapanda ndege kwenda kutazama mijusi? Walitupiana maneno siku tatu, sijui hata moja, ila jina langu lililokuwa linapita katikati kama kuku kati ya watu wanaogombana. Sasa najua walichokuwa wanasema. Sista alitaka nipate kitu. Alijua kinachoningoja Murungu, akataka niwe nimeona dunia yote kabla ya kukiona.

Na niliiona. Kule kulikuwa na joto la kwetu, nikavua sweta la miezi minane, nikawa mtu. Kulikuwa na mijusi mikubwa kuliko kenge, myeusi, imelala juu ya mawe kama nguo zilizoanikwa, inapiga chafya ya chumvi. Kobe wanakula majani na hawana haraka na mtu. Ndege yuko chini, amekalia mayai katikati ya njia, wewe ndiye unayemzunguka. Hakuna mnyama anayekimbia. Kwetu hata panzi anajua mwanadamu ni nani. Nilimwambia Elia, Sista akitafsiri, "Hawa hawajawahi kuonana na Waha. Siku moja tu, watajifunza." Elia alicheka akapiga goti. Alikuwa mpana kama dada yake, ana kovu mdomoni, na kila asubuhi alinikaangia ndizi akiniita binamu.

Lakini nilichokifuata kila siku, nikimwacha Sista kivulini, ni simba wa bahari. Wanalala ufukweni, kwenye ngazi za gati, hata kwenye mabenchi ya watu, wanene, wanakoroma. Mama anaingia baharini kuvua, siku moja, siku mbili. Mtoto anabaki kwenye mchanga. Hawapoteani, mama akirudi anaita, na katika watoto hamsini mmoja ndiye anainua kichwa. Kulikuwa na kimoja kidogo, kina macho makubwa yaliyolowa, kilikuwa kinamwendea kila mama anayetoka majini, kinafukuzwa. Nikataka kukipa samaki. Elia akanishika mkono: marufuku, hapa hatuwashiki. "Mama yake akirudi atakinyonyesha. Asiporudi, basi." Nikakaa pale mpaka nikapata mchanga masikioni. Siku ya tatu akaja, mama mmoja mnene ana jeraha ubavuni, akaita, na kile kidogo kikaenda mbio kwa tumbo, kinajikwaa na mapezi yake. Nililia kwa sauti, watalii wakanipiga picha. Nilikuwa nalia kwa furaha, nasema moyoni, mimi na Anjela ni hivyo hivyo, bado miezi mitatu. Halafu nikamwuliza Elia, kwa kuuliza tu, "Na mama akirudi akakuta mtoto ndiye hayupo?" Sista hakutafsiri. Nikauliza tena. Akatafsiri, anatazama mikono yake. Elia akasema, "Anaita. Anapita anapita kwenye mchanga anaita siku mbili, tatu. Halafu anarudi majini." Sista akaniambia upepo mkali, turudi ndani.

Barua zilikuja nyingine mbili. *Anjela hajambo, amekunywa uji. Anafukuza kuku.* Na mkono kila mara, na kidole kidogo kimepinda kila mara, nami nikawa nimekizoea. Nilikipenda kile kidole zaidi ya vingine. Nilikibusu.

Nilirudi Murungu mwezi wa nne, mchana, mkate wa Anjela kwenye mkoba wa mkononi maana sikuuamini kwenye mzigo. Leokadia alikuja kunipokea njia panda. Alikuwa amekonda kama kijiti cha kuegemezea maharage. Hakunikumbatia sana. "Anjela yuko wapi?" "Yuko kwa Mama Yosefu anacheza. Njoo uoge kwanza." Maji ya moto yalikuwa tayari. Nikaoga. "Anjela?" "Anakuja. Kula kwanza." Ilikuwa ugali wa muhogo na uyoga wa porini uliopikwa kwa mawese, chakula nilichokuwa nakiota mwaka mzima kati ya supu na supu. Majirani wameingia mmoja mmoja, wamekaa pembeni ya ukuta, hawasemi, nami nikadhani wananionea aibu kwa viatu vyangu. Nilikula sahani nzima. Nikaongezewa. Nasimulia kobe na mdomo umejaa, na hakuna anayecheka. Ndipo Jeska, wa miaka mitatu sasa, akajisogeza, akaweka mkono mezani apewe tonge. Ulikuwa mkono mnono, umefunguka, kiganja chini, kama alivyofundishwa kuuweka kwenye karatasi. Kidole kidogo kimepinda kama ndoano.

Mtu anajua kabla hajaambiwa. Nilikitazama kile kidole nilichokibusu miezi yote, na tonge lilikuwa bado mdomoni, na nikalimeza. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, kwamba nililimeza. Leokadia akapiga magoti. "Ilikuwa surua," akasema. "Mwezi wa nane. Domitila, ulikuwa njiani." Nikamwambia, "Mwaka mzima nilikuwa njiani? Uliniandikia maiti! Umenipa mkono wa mwanao niubusu!" Nilimrushia mkate ule. Ulimpiga kifuani, haukuvunjika. Baadaye nikauokota mwenyewe nikaupeleka kaburini, nikauweka kama walivyofanya wale wa milimani, nikajaribu kumsimulia mtoto wangu habari za kobe. Sikuweza. Mchwa waliula.

Basi, miaka kumi na miwili. Tulikutana kisimani, kanisani, hata shambani kwenye mpaka wa maharage, tukasalimiana, lakini chakula chake sikukigusa, na hapa kwetu watu wanaelewa maana yake. Yeye hakujitetea hata siku moja. Baadaye niliolewa, nikazaa, uchungu ukapungua makali, tukawa tunapeana chumvi na moto. Lakini sikuwahi kumwuliza siku ile ilikuwaje. Mara mbili alianza. "Domitila, ile siku ya mwezi wa nane…" Nikainuka nikaenda zangu. Mimi ni mgumu. Nilidhani ugumu ni ukweli.

Jumanne alfajiri tulikuwa tunamwosha, mimi na Mama Yosefu, ambaye sasa ni kizee cha fimbo. Nilikuwa nausugua mgongo wa dada yangu, mfupa mfupa, na Mama Yosefu akasema polepole, "Mgongo huu ndio uliombeba Anjela wako." Nikasema najua, alimlea. "Hujui," akasema. "Wote wawili walikuwa na surua. Mgongo ni mmoja. Akambeba wa kwako. Wa kwake akaniachia mimi, anawaka moto, akasema, huyu akifa nitamjibu Mungu, yule akifa nitamjibu Domitila. Akaanza njia ya Kibondo kwa miguu. Hawakufika. Mtoto alimfia mgongoni, karibu na daraja. Akageuka, akarudi naye vile vile amembeba, kwa sababu maiti ya mtoto ukiishusha njiani watu watajaa. Kila aliyepishana naye alimwuliza, mama, mtoto anaendeleaje? Akajibu, hajambo, amekunywa uji. Njia nzima. Alipofika kwangu nikamwuliza na mimi. Akanijibu hivyo hivyo. Yoo, mwana wanje, mwanangu mimi. Ilibidi nimfungue fundo mimi."

Kitambaa kilinidondoka kwenye beseni. Nilitaka kumwamsha. Nilitaka kumtikisa mabega yale niseme, kwa nini hukunishika kwa nguvu ukanilazimisha kusikia? Mgongo ulikuwa bado na vuguvugu kidogo chini ya mkono wangu.

Na saa nne wakanipa simu.

Iliita mara tatu. Nilikuwa nimeshajipanga: nitamwambia, polepole, kama mtu mzima na mtu mzima. Nilikuwa nimeyasema maneno hayo kwenye misiba ya watu miaka thelathini. Jeska akapokea, nyuma yake basi linanguruma, mtu anauza karanga dirishani.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mko wapi?"

"Tumefika Nzega. Mama mdogo, wananipigia wote, mjomba, shemeji, wote wanasema hajambo, hajambo. Siwaamini. Wewe huwa hunifichi. Niambie wewe. Mama anaendeleaje?"

Kutoka Nzega mpaka kwetu ni mchana mzima wa vumbi. Nilimwona amekaa kati ya watu asiowajua, hana wa kumshika, hana pa kuanguka. Niliona daraja. Wanaume wote mlangoni walikuwa wananitazama mdomo.

"Hajambo," nikasema. "Amekunywa uji."

"Kweli?"

"Kweli. Bakuli nzima."

Akavuta pumzi, akasema, "Asante, mama mdogo. Sasa naweza kulala." Simu ikakatika. Sikulia. Niliirudisha kwa shemeji, nikaenda kukaa chini karibu na kitanda cha Leokadia, nikaweka mkono wangu chini ya mgongo wake, pale katikati, mahali pa mtoto. Nilikaa hapo mpaka waliponiita.

Tulimpokea Kibondo mjini, kwa mkwe wetu, ili asikute turubai na watu. Maji ya moto yalikuwa tayari. Akaoga. Nikampikia mwenyewe, ugali wa muhogo na maharage ya mama yake yaliyovunwa msimu huu. Akauliza, nikasema kula kwanza. Akanitazama, na nadhani alijua, mtu anajua, lakini alikuwa ametoka mbali na ana njaa. Akanawa mkono ule wenye kidole kilichopinda. Akauweka sahani moja na wangu, akamega. Nami nikamega. Tulikula tonge kwa tonge, nikipunguza mwendo, maana likiisha lile la mwisho ingekuwa zamu yangu ya kusema.